Uliza Kwanza, Fundisha Kisha, Halafu Rudi Uulize Tena



Kijitabu hiki ni chako wewe unayefundisha watu habari za afya: mwuguzi wa kituo, mwanafunzi wa shule ya wauguzi, rele wa kartie, mchungaji, mama kiongozi wa chama cha akina mama. Kila wiki unasimama mbele ya watu na kusema mambo ya maana. Watu wanaitika, wanapiga makofi, wanarudi nyumbani. Nakuuliza neno moja tu: Unajuaje kama wamesikia? Na kama wamesikia, unajuaje kama wamefanya?

Wengi wetu hatujui. Tunafikiri tu. Tukitaka kutoa dawa ya malaria, hatufikiri tu: tunatoboa kidole, tunapima damu, tunatazama. Lakini tukitaka kutoa mafundisho, hatupimi kitu. Tunasema yale tuliyosema mwaka jana. Halafu watu wasipofuata, tunasema: «Watu wa hapa ni wagumu.» Je, ni watu walio wagumu, ao ni mafundisho yaliyopita juu ya vichwa vyao? Tuangalie jambo hili pamoja.

CHUPA YA YULE MAMA

Nilipokuwa mwuguzi kijana, nilifundisha akina mama kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayehara. Kipimo kinajulikana: maji safi litri 1, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe sawasawa juu, si vya kulundika. Nilikuwa na picha nzuri. Akina mama walirudia maneno yote pamoja, sawa watoto wa masomo. Nikaandika katika kaye yangu: «Mafundisho yamefanyika.» Nikafurahi.

Kisha wiki chache mama mmoja akafika na mtoto mgongoni. Macho ya mtoto yameingia ndani, kinywa kimekauka.

— Mama, ulimpa maji ya chumvi na sukari?

— Nilimupa, munganga. Lakini anazidi tu kulia kiu.

— Nionyeshe namna ulivyofanya.

Mama akatoa chupa ya bia katika kitambaa chake. Ndani yake alikuwa ametia vijiko vyote nilivyomfundisha. Lakini chupa ya bia haifiki litri 1. Tena kijiko chake kilikuwa kile kikubwa cha kulia chakula. Nikaonja maji yale: chumvi tupu. Maji ya chumvi nyingi hayamsaidii mtoto, yanamwumiza zaidi.

Asante kwa Mungu, mtoto yule alipona. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Mama hakukosa kitu. Alifanya kama nilivyosema. Mimi ndimi niliyekosa, juu ya kuwa sikumwuliza swali moja dogo: «Nyumbani kwako unapima maji na nini?»

Siku zilizofuata nilikwenda nyumba kwa nyumba pamoja na mwanafunzi mmoja, na kaye, na biki. Hatukufundisha. Tuliuliza tu na kutazama. Kumbe hakuna mama aliyekuwa na kipimo cha litri! Kulikuwa chupa za bia, bidoni za mafuta, gobele za plastiki. Vijiko vilikuwa vya kila namna. Basi mafundisho yaliyofuata hayakuanza na picha yangu. Yalianza na vyombo vyao. Kila mama alileta chombo cha kwake, tukapima maji litri 1 na kutia alama hapo yalipofika.

Kwenda kuuliza, kutazama, kuandika, kuhesabu, kisha kubadili kazi yetu kwa sababu ya yale tuliyoyakuta: hiyo ndiyo inayoitwa utafiti. Si kazi ya maprofesa wa Kinshasa na Ulaya peke yao. Ni kazi yako vilevile.

(Neno la dawa: leo, kama pakiti za SRO ziko kituoni, tumia hizo mbele ya kutengeneza za nyumbani, na mtoto apewe vidonge vya zinki siku 10 mpaka 14. Lakini pakiti ya litri 1 nayo inataka litri 1 ya kweli. Swali la chombo linabaki palepale.)

WALIOULIZA KATIKA NYUMBA MILIONI

Usifikiri kwamba kosa langu lilikuwa la Kongo tu. Katika inchi ya Bangladesh, huko Azia, kuhara kulikuwa kunaua watoto wengi sana. Shirika moja la inchi ile, jina lake BRAC, lilianza mwaka 1979 kujaribu, na kutoka mwaka 1980 likatuma wanawake walimu kwenda nyumba kwa nyumba vijijini. Walifundisha kila mama namna ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari guru kwa vidole na kiganja chake mwenyewe. Mpaka mwaka 1990 walikuwa wamefika nyumba zaidi ya milioni 12.

Lakini ukubwa wa hesabu siyo jambo ninalotaka ushike. Shika namna walivyojua kama mafundisho yamefika.

Kwanza, mwalimu hakulipwa kwa kusema tu. Kisha wiki kadhaa, mtu mwingine alifika katika sehemu ya nyumba zile, zilizochaguliwa kwa bahati, bila mwalimu kujua ni zipi. Akamwuliza mama anakumbuka nini, akamwomba atengeneze maji mbele yake. Maji mengine yalipelekwa kupimwa chumvi yake. Mshahara wa mwalimu ulifuata yale mama aliyoyashika. Unaona? Hawakumpima mama, walimpima mwalimu.

Pili, mwanzoni kulikuwa na mambo 10 ya kukumbuka. Yalikuwa mengi mno, na kisha wakayapunguza kuwa 7. Sisi tukiona watu wamesahau, tunaongeza maneno. Wao waliyapunguza.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba akina mama wengi walijua vizuri sana kutengeneza maji yale, lakini wakati mtoto anapohara hawakuyatumia. Walijua, hawakufanya! Mtu mwingine angesema: «Basi, tuwafundishe tena.» Wao waliuliza: «Juu ya nini?» Wakakuta mambo mawili. Walimu wengine wao wenyewe hawakuyaamini yale maji. Na wanaume hawakuambiwa kitu. Waliona wageni wanaongea na wake zao tu, na mashaka yakaingia. Basi walimu wakafundishwa upya namna dawa inavyofanya kazi mwilini, wakaanza kuyanywa maji mbele ya watu. Na wajumbe wengine wakatumwa kuongea na wanaume sokoni na misikitini. Matumizi yakaanza kupanda.

Angalia vizuri, msomaji. Dawa ilikuwa ileile. Elimu ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni namna ya kuzungumza na watu, na ilibadilika kwa sababu mtu aliuliza na kuhesabu.

EBOLA KATIKA KIVU: CHANJO IKO, WATU WANAKIMBIA

Sasa turudi kwetu. Maji ya chumvi na sukari hayamwogopeshi mtu. Lakini ugonjwa wenye hofu je?

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola katika Kivu ya Kaskazini, upande wa Mangina, karibu na Beni. Ugonjwa ule ulidumu mpaka tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 katika hao walikufa. Hatujapata Ebola kubwa kama ile katika inchi yetu mbele wala nyuma ya hapo.

Tena ilikuwa wakati ambapo sayansi ilikuwa na silaha. Chanjo ilikuwako, na watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Dawa nazo zilijaribiwa kwa haki, na mwaka 2019 ikaonekana kwamba mbili katika zile zinaokoa watu wengi zaidi, hasa wanaofika mapema. Moja katika hizo mbili ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Yaani, damu ya ndugu yetu wa Kongo iligeuka dawa.

Hata hivyo watu walificha wagonjwa. Maiti zilizikwa usiku. Magari ya wafanyakazi wa afya yalipigwa mawe, vituo vikachomwa moto, na wenzetu wengine wakauawa wakiwa kazini. Juu ya nini?

Wengi walijibu haraka: «Ni ujinga. Watu wafundishwe.» Lakini mwezi wa Septemba 2018 watafiti waliwauliza watu wazima 961 katika Beni na Butembo. Karibu mtu 1 katika 4 alisema Ebola haiko kweli. Na karibu mtu 1 katika 3 tu ndiye aliyeamini kwamba wakubwa wa mahali pake wanatafuta mema yake. Tena wale wasio na imani hiyo ndio waliokataa chanjo zaidi na kukwepa kituo cha afya.

Basi ugonjwa wa pili uliokuwako ulionekana: kukosa kuaminiana. Na ugonjwa huo hauponi kwa kuongeza mabango barabarani. Watu wa Beni walikuwa wanauawa na watu wenye silaha tangu Oktoba 2014. Waliona wageni wengi wanafika na magari mengi kwa ajili ya Ebola, nao wakauliza wageni hao walikuwa wapi miaka yote ile. Mwezi wa Desemba 2018 uchaguzi ukaahirishwa katika Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kuwa moja ya sababu. Wengi wakasema basi ugonjwa huu ni wa politike. Tena mwaka 2019 surua iliua watoto maelfu katika inchi yetu, na malaria haikupumzika. Mama aliyezika mtoto wa surua alishangaa juu ya nini kila mtu anamwuliza habari ya Ebola tu. Je, swali la mama huyo ni ujinga? Mimi naona ni akili.

YALE YALIYOSIKIWA, NA YALE YALIYOBADILIKA

Tangu Agosti 2018 wajumbe wa Msalaba Mwekundu, watu wa kartie zenyewe, walianza kuandika kila neno walilolisikia: swali, shutuma, uvumi, hata tusi. Hawakuchagua maneno mazuri tu. Maneno yalipangwa kwa mafungu, yakahesabiwa, yakapelekwa katika mikutano ya wakubwa wa kazi. Watafiti wa mambo ya watu nao walikaa karibu na wale wanaohesabu wagonjwa, wakalinganisha. Nitakupa mifano.

Maiti. Watu walisema viungo vya maiti vinaibwa, ao kwamba ndani ya mfuko mmetiwa udongo na mawe. Ungeweza kujibu: «Ni uongo!» Lakini sikiliza chini ya maneno: mtu anasema hakumwona ndugu yake. Kwetu, kuzika bila kuona uso ni kama kutozika. Basi ikaletwa mifuko inayoonyesha ndani, jamaa wapate kuuona uso wa mpendwa wao bila kumgusa.

Hospitali. Watu walisema ukiingia ndani ya ukuta ule hutoki. Basi mahali pengine, kama Beni, vikatumika vyumba vya plastiki inayopitisha macho. Mama akaweza kusimama nje na kumwona mtoto wake, kumsemesha, na kuona kwamba munganga anamtunza kweli.

Watoto wachanga. Mama akiwa mgonjwa, nani atabeba mtoto? Waliopona Ebola, ambao miili yao ilikuwa na kinga, wakafanywa walezi wa watoto hao. Mtu aliyepona akimbeba mtoto mbele ya macho ya watu ni fundisho kupita mabango mia.

Wenye mimba. Mwanzoni wanawake wenye mimba na wanaonyonyesha hawakupewa chanjo. Watu waliona mke amekataliwa na mume amechanjwa, wakashangaa kama chanjo ni nzuri ao ni mbaya. Mwaka 2019 ruhusa ilitolewa wachanjwe nao.

Luga. Watafsiri waliochunguza katika Beni mwaka 2019 walikuta kwamba Kifaransa na Kiswahili cha vitabu havikuwafikia wengi. Watu walitaka Kiswahili chao na luga zao. Tena walikuta jambo lingine la kutushangaza: watu hawakutaka maneno mafupi mafupi ya «Nawa mikono, usiguse maiti.» Walitaka maelezo kamili: chanjo inafanya nini mwilini, dawa inatoka wapi, juu ya nini jirani anachanjwa na mimi hapana. Sisi tulifikiri mtu wa kijiji anataka maneno machache. Yeye alitaka kuelewa.

Sisemi kwamba maswali peke yake yalimaliza Ebola. Chanjo, dawa, na jasho la wauguzi wa Kivu zilifanya kazi. Wala sisemi kwamba kila sauti ilisikiwa. Wanawake wengine waliteswa kwa uasherati na watu waliofika kusaidia, na tume iliyochunguza jambo hilo ilitoa ripoti mwaka 2021, wakati ugonjwa umekwisha zamani. Wanawake wale hawakuwa na mtu wa kumwambia bila hofu. Kwa hiyo ujiulize pia: Watu wa kwangu wakiwa na shutuma juu yangu mimi, watamwambia nani?

UVUMI UNA MZIZI

Wauguzi wengi wanachukia uvumi. Mimi nawafundisha wanafunzi wangu kuupokea sawa dalili. Homa si ugonjwa. Homa inakuonyesha kwamba kuko ugonjwa. Vivyo hivyo na uvumi.

Kumbuka Yambuku. Ebola ilipojulikana mara ya kwanza katika inchi yetu, mwaka 1976, ilizunguka katika hospitali ya misioni ya Yambuku. Wagonjwa walikuwa 318, waliokufa 280. Ilikuwaje? Sindano chache zilitumika kwa watu wengi bila kutokoswa vizuri. Wagonjwa walikimbia hospitali. Je, walikosa akili? Hapana. Siku zile, kukimbia hospitali ilikuwa hekima. Na wachunguzi walilijua jambo hilo namna gani? Walipita kijiji kwa kijiji, wakauliza ni nani alichomwa sindano, ni nani alishika maiti, ni nani alitunza mgonjwa. Watu wa vijiji ndio waliotoa jibu.

Kwa hiyo mtu akikuambia «Hospitali inaua», usimcheke, wala usimkemee. Mwulize: «Baba, uliona nini?» Pengine atakuonyesha kosa ambalo wewe ungechelewa kuliona.

NAMNA YA KUFANYA UCHUNGUZI MDOGO KWAKO

Huhitaji feza nyingi. Unahitaji kaye, biki, miguu, na unyenyekevu. Fuata njia hii:

1. Chagua swali moja. Si «Watu wanafikiri nini juu ya afya?» Hilo ni kubwa mno. Sema: «Juu ya nini watoto wanapata chanjo ya kwanza na hawarudi kwa ya pili?»

2. Omba ruhusa. Mwone chef wa kartie na mganga mkuu wa zone ya afya. Kisha kila mtu unayemfikia mwambie kazi yako, na kwamba anaweza kukataa bila kupoteza haki yake yoyote kituoni. Usiandike jina lake.

3. Usiulize wale wanaokuja kituoni tu. Wao wamekwisha kuja! Tafuta wasiokuja. Hesabu nyumba za kartie, kisha ingia katika moja kila baada ya nyumba 10. Usichague zile za kando ya barabara, wala za washiriki wa kanisa lako, wala zile ambako wanakupa chai. Ukichagua kwa mapendo, jibu litakuwa la mapendo.

4. Asiulize yule aliyefundisha. Mimi nikikuuliza «Mafundisho yangu yalikuwa mazuri?», utanijibu ndiyo, juu ya heshima. Tuma mwingine. Na kwa mambo ya akina mama, tuma mama.

5. Uliza swali lisilo na jibu ndani yake. Usiseme: «Unatokosa maji, siyo?» Sema: «Maji ya kunywa mnayafanya namna gani hapa?» Kisha nyamaza. Hesabu mpaka kumi moyoni mbele ya kuongeza neno.

6. Omba kuonyeshwa. «Mama, nionyeshe unavyofanya.» Macho yanajua kuliko masikio. Kama ningeuliza hivyo siku ya kwanza, nisingeona ile chupa kwa namna niliyoiona.

7. Andika maneno yake, si yako. Akisema «chanjo inaleta moto kwa mwili wa mtoto», andika hivyo. Usiandike «ujinga juu ya chanjo». Katika neno «moto» kuko jambo la kweli: homa ndogo kisha chanjo. Sasa unajua kitu cha kumweleza kabla hajatoka mlangoni.

8. Hesabu. Panga majibu yanayofanana pamoja, kila jibu kistari kimoja. Pengine ulifikiri wengi wanaogopa sindano, kumbe vistari vingi viko kwa «siku ya chanjo ni siku ya soko».

9. Badili kitu kimoja. Hapa wengi wanashindwa. Kama siku ya chanjo ni siku ya soko, hamisha siku. Usifanye hotuba ya kuwaambia akina mama kwamba chanjo inapita soko. Soko ndilo linalowalisha watoto.

10. Rudi useme. Ingia katika kartie ileile, kanisani, sokoni, useme: «Mlituambia hivi. Sisi tumefanya hivi. Hili moja hatukuliweza, na sababu yake ni hii.» Mtu aliyeulizwa na asirudishiwe neno, mara ya pili atafunga mlango.

11. Uliza tena. Kisha miezi mitatu ao minne, fika katika nyumba nyingine zilizochaguliwa vilevile, na maswali yaleyale. Kama hesabu haikubadilika, usilaumu watu. Rudi kwa namba 1.

Ukichapa picha ao bango, fanya vivyo hivyo mbele ya kuchapa. Waonyeshe watu wachache ambao hawajasoma, uwaulize: «Mnaona nini hapa?» Usiwaambie wewe. Wakiona kitu kingine, picha ndiyo yenye kosa.

NENO LA MWISHO

Wanafunzi wengine wananiuliza: «Mama mwalimu, sisi tumesoma miaka mingi. Juu ya nini tuwaulize wasiosoma?» Nawajibu kwa habari ya yule kipofu wa Yeriko. Kila mtu aliona kwamba ni kipofu. Bwana Yesu naye alijua. Hata hivyo alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini, akangoja jibu lake. Kama yeye aliyejua yote aliuliza, sisi tunaojua kidogo tutanyamazaje?

Kuuliza hakupunguzi elimu yako. Kunakuonyesha mlango ambao elimu hiyo inaweza kuingilia.

TUKUMBUKE

— Mafundisho yasiyopimwa ni kama dawa isiyopimwa.

— Mtu kujua ni jambo moja, kufanya ni lingine. Akijua na hafanyi, uliza sababu, usirudie hotuba.

— Uvumi ni dalili. Tafuta mzizi wake.

— Watu wanataka maelezo kamili katika luga yao.

— Usiulize kama hutaki kubadili kitu.

— Rudi kila mara kuwaambia watu yaliyotokea kwa maneno yao.

MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Katika kituo chetu, ni nani hawafiki kamwe? Wanakaa wapi? Ni nani kati yetu alikwisha kuwatembelea?

2. Ni uvumi gani tunausikia sasa? Unaonyesha kosa gani ao hofu gani?

3. Mara ya mwisho tulipobadili kazi yetu kwa sababu ya neno la mgonjwa, ilikuwa lini?

Kama kikundi chenu hakina jibu kwa swali la tatu, msihuzunike. Shikeni kaye na biki, mtoke leo jioni, mwanze na nyumba ya kwanza.